Uulize udongo kwanza: Kazi ya keekee ya mkono kabla ya msingi kuchimbwa

MTU anaponunua ploti ya futi 50 kwa 100 pembezoni mwa jiji la Nairobi, jambo la kwanza analolifanya ni kuhakikisha kuwa hatimiliki ni halali. Humwendea wakili, huenda katika ofisi ya ardhi, humleta msoroveya amwonyeshe vigingi vya mipaka. Kisha humtafuta msanifu wa kumchorea ramani ya nyumba na hatimaye fundi wa kuijenga. Katika safari hiyo yote, ni nadra kumpata anayeuliza swali lililo rahisi kuliko yote: chini ya nyasi hizi pana nini?

Swali hilo likipuuzwa, jibu lake huja lenyewe baada ya misimu miwili au mitatu ya mvua. Ufa mwembamba kama unywele huanzia kwenye pembe ya dirisha, ukashuka kwa vidato ukifuata viungo vya mawe. Mlango uliokuwa ukifungika vyema huanza kukwama. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini mwenye nyumba huyu huuziba ufa wake kila mwaka, na kila kiangazi hurudi pale pale, kwa kuwa haukuzaliwa ukutani bali ardhini.

Hasara ya aina hii ingeweza kuepukwa kwa chombo kinachobebwa begani na kuendeshwa na vibarua wawili wakisimamiwa na mtu anayejua anachokitafuta. Chombo hicho ni keekee ya mkono, ambayo hutoboa ardhi na kutoa udongo wa kila kina ili upimwe kabla ya jembe la kwanza la msingi kuanguka.

Ardhi si moja

Kila aliyepitia shule ya msingi anakumbuka aina tatu za udongo: kichanga, tifutifu na mfinyanzi. Mgawanyo huo humfaa mkulima. Mjenzi anahitaji kujua zaidi, kwa sababu udongo wa juu ambao mkulima huuthamini ndio ambao mjenzi huuondoa na kuutupa kando. Anachokitafuta yeye ni kile kitakachobeba uzito wa kuta, paa, watu na mali yao kwa miaka 50 au zaidi bila kuyumba.

Mtu akitoka Limuru akapitia Kabete hadi Embakasi, safari ambayo haifiki hata kilomita 50, huvuka nchi mbili tofauti kwa macho ya mhandisi wa udongo. Upande wa Kiambu na Kabete kuna udongo mwekundu wenye kina kirefu, uliotokana na kuoza kwa miamba ya volkeno. Udongo huu hupitisha maji vizuri na kwa kawaida hauvimbi sana. Ukishuka kuelekea Embakasi, Syokimau, Mlolongo, Athi River na Kitengela, unakutana na ule mweusi unaonata viatuni wakati wa mvua na kupasuka mianya ya kuingiza mkono wakati wa kiangazi. Wahandisi wameuita udongo wa pamba tangu enzi za ukoloni, jina lililotoka India ambako udongo wa namna hiyo hulimwa pamba. Uko pia katika tambarare za Mwea na Kano.

Tabia ya udongo huo mweusi hutokana na chembe zake. Ni chembe za mfinyanzi ndogo mno zisizoonekana kwa macho, zenye umbo la kurasa nyembamba zilizopangana. Maji huingia katikati ya kurasa hizo na kuzisukuma zitengane. Mvua inaponyesha udongo huvimba, na jua linapowaka husinyaa. Nguvu ya kuvimba huko inatosha kuinua sakafu na kupasua ukuta wa mawe.

La kushangaza ni kwamba nyumba inayoumia zaidi mara nyingi si ghorofa, bali nyumba ya kawaida isiyo na ghorofa. Jengo zito huukandamiza udongo na kuupunguzia nafasi ya kuinuka. Nyumba nyepesi haina uzito wa kushindana nao. Isitoshe, udongo ulio chini ya katikati ya nyumba hufunikwa na hubaki na unyevu uleule mwaka mzima, ilhali ule ulio kando kando hulowa na kukauka kila msimu. Hivyo kingo za nyumba hupanda na kushuka huku katikati kukiwa kumetulia. Hakuna ukuta unaoweza kustahimili kupindwa hivyo mwaka nenda mwaka rudi.

Maeneo mengine yana mambo yake. Mombasa imekaa juu ya mwamba wa matumbawe, ambao ni mgumu lakini waweza kuficha mapango na mashimo yaliyochimbwa na maji kwa karne nyingi. Karibu na ufuo kuna mchanga ambao maji yake yako hatua chache tu kutoka juu. Bonde la Ufa limetandazwa majivu ya volkeno yanayomomonyoka upesi. Mnamo Machi 2018, mvua kubwa ilipofunua mpasuko mkubwa wa ardhi karibu na Suswa na kukata barabara ya kutoka Mai Mahiu kwenda Narok, wataalamu wengi wa jiolojia walieleza kuwa maji yalikuwa yameyakokota majivu yaliyokuwa yameujaza ufa wa kale.

Hata ndani ya ploti moja, udongo waweza kuwa wa aina mbili. Huenda upande mmoja ulikuwa timbo la mawe lililojazwa takataka na kusawazishwa. Huenda palikuwa na choo cha shimo, au mkondo wa maji uliofukiwa. Ndiyo maana ripoti ya udongo ya jirani, hata ikiwa imeandikwa vyema kiasi gani, haiwezi kuazimwa.

Chombo chenyewe

Keekee ya mkono ina sehemu tatu. Ya kwanza ni mpini ulio kama herufi T, ambao mtu mmoja au wawili huushika na kuuzungusha. Ya pili ni fito za chuma, kila moja ikiwa na urefu wa takriban mita moja, ambazo huunganishwa moja baada ya nyingine kadiri shimo linavyozidi kwenda chini. Ya tatu ni kichwa, na hapa ndipo ulipo ufundi.

Kuna kichwa chenye mabapa mawili yaliyojikunja mithili ya ndoo isiyo na tako. Hicho huingia ardhini, kikajaa, kikatolewa na kumwagwa. Huufaa udongo wa mfinyanzi na ule wenye unyevu wa wastani. Kuna kingine kilichosokotwa kama kizibuo cha chupa, kinachofaa udongo mgumu kidogo. Kwa mchanga mkavu usioshikana, hutumiwa kichwa ambacho mabapa yake yamekaribiana ili usimwagike njiani. Upana wa shimo kwa kawaida huwa kati ya sentimita tano na 15, na kina ambacho mikono ya binadamu inaweza kufikia bila taabu kubwa ni mita tatu hadi tano.

Je, mita hizo chache zinatosha? Jibu linategemea ukubwa wa jengo. Uzito unaowekwa juu ya ardhi hausafiri chini bila kupungua. Husambaa pande zote na kudhoofika kadiri unavyoshuka. Nguzo ikisimama juu ya unyayo wa saruji wa mraba, mgandamizo unaoletwa na nguzo hiyo hupungua hadi takriban sehemu moja kwa kumi ukifika kina kilicho mara mbili ya upana wa unyayo.

Tuseme unyayo una upana wa mita 1.2 na umewekwa mita 1.2 chini ya uso wa ardhi. Mara mbili ya upana wake ni mita 2.4. Ukijumlisha, unapata kwamba udongo unaohusika unaishia karibu mita 3.6 kutoka juu. Keekee ya mkono hufika hapo. Lakini jengo la ghorofa kumi lililokaa juu ya jamvi moja la saruji lenye upana wa mita 15 lingehitaji kuchunguzwa hadi karibu mita 30. Hapo mkono hauna lake, na hakuna budi kuleta mtambo.

Hatua kwa hatua

Kazi huanza kabla ya keekee kugusa ardhi. Mchunguzi mzuri huizunguka ploti yote kwa miguu na kuwauliza majirani maswali. Je, nyumba zao zina nyufa? Kisima kilichimbwa hadi wapi kabla ya kupata maji? Maji ya mvua hutuama wapi? Wazee wa mtaa wanakumbuka palikuwa na nini hapa kabla ya ploti kukatwa? Majibu hayo hayagharimu chochote, na mara nyingi ndiyo yanayoonyesha mahali pa kutoboa.

Kisha huamuliwa idadi ya mashimo. Kwa nyumba ya kawaida ya familia, mashimo matatu ni kiasi cha chini cha busara: mawili kwenye pembe zinazokabiliana na moja katikati. Panapokuwa na mteremko, dalili za timbo la zamani au mabadiliko ya rangi ya udongo, mashimo huongezwa. Shimo moja pekee ni hatari, kwani humfanya mtu aamini kuwa ploti nzima inafanana na mahali pale alipotoboa.

Nyasi na udongo wa juu wenye mizizi huondolewa kwanza. Keekee husimamishwa wima na kuzungushwa polepole, huku ikikandamizwa kwa uzito wa mwili. Ikishashuka sentimita 15 hadi 30 hutolewa, na udongo ulio kichwani mwake humwagwa juu ya karatasi ya plastiki iliyotandazwa kando. Mafungu hayo hupangwa kwa mstari, la kwanza mwanzoni na la mwisho mwishoni, ili anayetazama aone ardhi yote ikiwa imelazwa mbele yake kuanzia juu hadi chini.

Hapo ndipo kalamu huanza kufanya kazi. Kila fungu huandikwa katika daftari: kina lilikotoka, rangi yake, ukubwa wa chembe, unyevu, ugumu na hata harufu. Udongo wenye harufu ya uozo una mabaki ya mimea ndani yake na haufai kubebeshwa mzigo. Vipande vya chupa, plastiki au matofali kwenye kina cha mita moja au mbili ni ushahidi kwamba ardhi hiyo ni ya kujazwa, hata kama muuzaji aliapa kuwa haijawahi kuguswa.

Mchunguzi mwenye uzoefu hutumia vidole kabla ya maabara. Huloweka donge kidogo na kulifinyanga. Likifanya uzi mwembamba usiokatika, kuna mfinyanzi mwingi. Likivunjika na kukwaruza viganja, mchanga ndio uliotawala. Njia nyingine ni kutia udongo katika chupa ya maji, kuitikisa na kuiacha itulie. Mchanga hushuka chini kwa muda wa dakika moja hivi. Chembe za katikati, kama zile za tope linaloachwa na mafuriko, huchukua muda mrefu zaidi. Mfinyanzi hubaki umeyachafua maji kwa saa nyingi, pengine kwa siku.

Maji yakikutwa shimoni, kina chake huandikwa papo hapo. Shimo hufunikwa na kuachwa hadi siku ya pili, kisha hupimwa tena, kwa sababu katika udongo wa mfinyanzi maji hujitokeza polepole mno. Ni muhimu pia kuandika tarehe ya kupima. Shimo kavu la mwezi Februari laweza kuwa na maji tele mwezi Mei.

Sampuli zinazopelekwa maabara ni za namna mbili. Ya kwanza ni ya udongo uliovurugwa, yaani ule uliotoka na keekee. Kilo moja au mbili za udongo laini hutosha kwa vipimo vya kutambua aina yake. Hutiwa katika mifuko miwili ya plastiki isiyopitisha hewa ili unyevu usipotee. Lebo yenye nambari ya shimo, kina na tarehe huwekwa ndani na nyingine nje. Sampuli isiyo na lebo ni vumbi tu.

Namna ya pili ni sampuli isiyovurugwa. Shimo likishafika kina kinachotakiwa, kichwa cha keekee huondolewa na mahali pake hutiwa mrija mwembamba wa chuma wenye makali. Mrija husukumwa ndani ya udongo wa chini ambao haujaguswa, ukatolewa ukiwa umeushika jinsi ulivyokuwa. Ncha zake mbili huzibwa kwa nta. Mrija huo husafirishwa kwa uangalifu kama trei ya mayai, kwani ukitikiswa sana hautakuwa na tofauti na udongo uliovurugwa.

Mwishowe, kila shimo hufukiwa na udongo kushindiliwa. Shimo lililoachwa wazi huvunja mguu wa mtoto au wa ng'ombe, na pia huwa mfereji wa kupeleka maji ya mvua moja kwa moja chini ya msingi wa kesho.

Yanayofanyika maabara

Katika maabara, sampuli hupimwa uzito ikiwa na unyevu wake, hukaushwa katika tanuri yenye joto la nyuzi 105 hadi 110 na kupimwa tena. Tofauti ya uzito huonyesha kiasi cha maji yaliyokuwamo. Sehemu nyingine hupitishwa katika chekecheke zilizopangwa kuanzia zenye matundu makubwa hadi madogo ili kujua kuna changarawe, mchanga na chembe laini kwa kiasi gani.

Kipimo kinachoufichua udongo mweusi kina historia ndefu. Mwaka wa 1911, mwanasayansi wa Uswidi aitwaye Albert Atterberg alieleza kuwa udongo wa mfinyanzi hupitia hali kadhaa kadiri unavyoongezewa maji: huwa mgumu, kisha huweza kufinyangwa, kisha hutiririka kama uji. Maabara hutafuta viwango viwili. Cha kwanza ni kiasi cha maji ambacho udongo huanza kumeguka unapofinyangwa kuwa uzi wa unene wa milimita tatu. Cha pili ni kiasi ambacho huanza kutiririka. Tofauti kati ya viwango hivyo huonyesha ukubwa wa tamaa ya udongo huo kwa maji.

Kwa mfano, udongo ukianza kumeguka ukiwa na maji asilimia 30 ya uzito wake mkavu na kuanza kutiririka ukiwa na asilimia 80, tofauti ni 50. Kwa mizani inayotumiwa na wahandisi wengi, tofauti inayozidi 35 ni onyo kubwa kwamba udongo huo una uwezo mkubwa wa kuvimba. Udongo wa kichanga waweza kuwa na tofauti ya chini ya kumi.

Sampuli isiyovurugwa hupimwa nguvu na kudidimia. Hukandamizwa hadi ipasuke ili kujulikana uwezo wake wa kubeba mzigo. Nyingine hufungiwa ndani ya pete ya chuma, ikawekewa uzito, na kushuka kwake kukafuatiliwa kwa saa na siku. Sayansi ya kudidimia huko iliwekewa msingi na Karl Terzaghi, ambaye kitabu chake kilichapishwa Vienna mwaka wa 1925 na ambaye huhesabiwa kuwa baba wa taaluma ya mekanika ya udongo.

Ulimwengu una somo maarufu kuhusu kudidimia kusiko sawa. Ujenzi wa Mnara wa Pisa nchini Italia ulianza mwaka wa 1173 juu ya udongo laini, na ukaanza kuinama hata kabla ya kukamilika. Ulifungwa mwaka wa 1990 kwa hofu ya kuanguka. Wahandisi waliuokoa kwa njia iliyo jamaa ya keekee: walitoboa ardhi kwa mshazari upande ulioinuka, wakaondoa udongo kidogo kidogo kutoka chini yake, na mnara ukajirudi kwa karibu nusu mita. Ulifunguliwa tena mwaka wa 2001. Lakini huo ni mnara unaojulikana dunia nzima. Nyumba ya mwalimu mstaafu huko Kitengela haitapata kamati ya wataalamu wa kimataifa kuja kuinyoosha.

Mipaka ya keekee

Haifai kuisifu keekee ya mkono kupita kiasi. Ikigonga jiwe husimama, na aliyeishika hawezi kujua kama amefika kwenye mwamba wenyewe au amegonga jiwe moja tu lililozikwa. Dawa ni kusogea hatua chache na kutoboa tena. Mchanga ulio chini ya maji huporomoka shimoni upesi kuliko unavyotolewa. Udongo mweusi uliokauka kiangazi huwa mgumu kama tofali.

Pia, keekee hutoa udongo bila kupima ugumu wake ukiwa ardhini. Kwa hiyo wahandisi wengi huiandamanisha na kifaa chenye ncha ya pia kinachopigwa kwa nyundo ya kilo nane inayoangushwa kutoka urefu wa milimita 575. Idadi ya mapigo yanayohitajika kukishusha huonyesha mahali ardhi ilipo laini na ilipo ngumu. Kifaa hicho hutumiwa sana katika ujenzi wa barabara, na watu wawili au watatu hukimudu bila shida.

Kwa majengo ya ghorofa nyingi, keekee ya mkono ni mwanzo tu. Mtambo wa kuchimba kwa injini ndio unaoweza kufika kwenye mwamba na kuutoboa ili kuhakikisha kuwa hauna pango. Mwenye kujenga ghorofa nane akionyeshwa ripoti ya mashimo ya mita tatu, ana haki ya kuuliza maswali.

Baada ya ripoti

Ripoti ya udongo haimzuii mtu kujenga. Humwelekeza namna ya kujenga. Udongo mweusi ukiwa na kina kifupi, huondolewa wote hadi kwenye mwamba au maramu, na nafasi yake hujazwa mawe na changarawe iliyoshindiliwa tabaka kwa tabaka. Ukiwa na kina kirefu, mhandisi aweza kupendekeza jamvi la saruji lenye vyuma, au nguzo zinazoshuka hadi chini ya eneo linalovimba na sakafu iliyoning'inizwa bila kugusa udongo. Aweza pia kushauri mambo madogo yenye faida kubwa: kujenga njia ya saruji kuizunguka nyumba, kupeleka maji ya paa mbali na kuta, kutopanda miti mikubwa karibu na msingi na kukagua mabomba yanayovuja.

Wakati mwingine ripoti hupunguza gharama. Fundi asiyejua kilicho chini hufanya mojawapo ya makosa mawili. Ama huchimba kidogo mno akaiacha nyumba juu ya udongo unaocheza, ama huchimba kupita kiasi na kuzika saruji na vyuma ambavyo havikuhitajika.

Ni kweli kwamba si kila jengo linaloporomoka huangushwa na udongo. Humu nchini kumekuwa na saruji iliyopunjwa, vyuma vyembamba na ghorofa zilizoongezwa bila idhini. Hata hivyo, mahali pa kujenga hakuwezi kutenganishwa na usalama. Usiku wa Aprili 29, 2016, jengo la ghorofa sita liliporomoka mtaani Huruma, Nairobi, baada ya mvua kubwa, na takriban watu 50 wakapoteza maisha. Jengo hilo lilikuwa limesimama karibu na ukingo wa mto. Waliokufa walikuwa wapangaji, watu ambao hawakuchagua mahali pa kujenga wala hawakuwahi kuulizwa.

Hii ndiyo sababu suala la udongo haliwezi kuachiwa mwenye ploti pekee. Sheria ya mwaka wa 2011 iliyounda Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, NCA, huwataka makandarasi wasajiliwe, na Bodi ya Wahandisi ya Kenya ndiyo inayowasajili wahandisi. Serikali za kaunti ndizo zinazoidhinisha ramani. Lakini muhuri wa ofisi haubadilishi tabia ya udongo. Ramani nzuri iliyoidhinishwa bila mtu kutoboa ardhi ni kama dawa iliyoandikwa bila mgonjwa kupimwa.

Anayejiandaa kujenga na afanye mambo machache. Amwombe mhandisi aliyesajiliwa asimamie uchunguzi, wala asimwachie fundi peke yake. Awepo mashimo yanapotobolewa na ayaone mafungu ya udongo kwa macho yake. Adai nakala ya daftari la kila shimo pamoja na matokeo ya maabara, na ayahifadhi pamoja na hatimiliki. Siku nyumba itakapouzwa au kuongezwa ghorofa, karatasi hizo zitakuwa na thamani. Vipimo vyaweza kufanywa katika maabara ya serikali ya vifaa vya ujenzi jijini Nairobi au katika vyuo vikuu vinavyofundisha uhandisi, kama vile Chuo Kikuu cha Nairobi na kile cha Jomo Kenyatta.

Wengi hulalamika kuwa gharama ya uchunguzi ni mzigo mwingine juu ya mkopo wa chama cha akiba. Lakini ni mkopo huohuo ambao mwenye nyumba ataendelea kuulipa hata baada ya kuta kupasuka. Mlango wa mninga na vigae vya bei ghali vyaweza kung'olewa na kubadilishwa wakati wowote. Msingi hauwezi kubadilishwa nyumba ikiwa juu yake. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Kwa anayejenga leo, kuingia ndani huko huanzia mita tatu chini ya ardhi.